Skechi za TV za zamani: Carol Burnett, Monty Python, SNL ya mwanzo au Benny Hill, ipi bado inachekesha?

Kibaraza_cha_TV

Habari zenu wakuu. Naomba tulinganishe hapa maana huko kwenye magrupu nimechoka, unabishana na mtu siku nzima kumbe hajawahi kuangalia hata kipindi kimoja mwanzo mpaka mwisho. Nina wadogo zangu wamekulia kwenye klipu za sekunde thelathini, nataka niwaonyeshe skechi za kwenye TV za enzi zile, zile za studio kabisa, hadhira imekaa mbele na mwigizaji akiteleza anateleza watu wakimuona. Sasa sitaki niwawekee kitu halafu waanze kuniangalia mimi badala ya kuangalia TV.

Nimebaki na vinne. Carol Burnett Show ya CBS, 1967 mpaka 1978. Monty Python ya BBC, 1969 mpaka 1974, vipindi 45 tu jumla. Saturday Night Live (SNL) ile ya mwanzo mwanzo, kuanzia Oktoba 1975, kina Chevy Chase, John Belushi na Gilda Radner. Halafu Benny Hill ile ya kampuni ya TV ya Thames kule Uingereza, 1969 mpaka 1989, yule mzee wa kukimbizana kwa kasi saksafoni inapiga kwa nyuma.

Kwangu mimi anaongoza Carol Burnett na sababu ninayo. Tafuteni skechi ya daktari wa meno ya 1969. Tim Conway ndo daktari, mgeni kazini, Harvey Korman ndo mgonjwa. Daktari anaandaa sindano ya ganzi, katika kuhangaika anajichoma mwenyewe mkononi. Mkono unakufa ganzi, unaning'inia tu, anaubeba kwa ule mwingine, akijitahidi kuendelea na kazi anajichoma na mguuni. Sasa hapo usimwangalie Conway, mwangalie Korman. Yeye anatakiwa aigize mtu mwenye maumivu ya jino lakini kicheko kimemzidi nguvu, anaficha uso, mabega yanatikisika, na Conway akishaona hivyo ndo anazidi kupunguza mwendo makusudi. Humo ndani hakuna siasa, hakuna jina la mtu maarufu unayetakiwa umjue, hakuna tangazo la biashara la mwaka ule. Yeyote aliyewahi kumuogopa daktari wa meno ameshaelewa kila kitu.

Ila swali langu ni hili na ndo maana nimefungua uzi. Hizi skechi zinachekesha kweli, au sisi tunazipenda kwa sababu tunaupenda ule wakati? Karibuni.

mzee_wa_antena

Mkuu umeanza vizuri ila Python umemdhulumu. Burnett anachekesha, sikatai, ila Python walibadilisha skechi yenyewe inavyojengwa na mpaka leo watu wote wanakula hapo.

Kabla yao skechi nyingi zilikuwa zinaisha na mstari wa mwisho wa kuchekesha, watu wapige makofi, taa zizimwe, ije nyingine. Python wakasema hapana, wazo likiisha tunaliacha hapo hapo tunaenda. Anatokea Graham Chapman kavaa kanali anasimamisha skechi katikati anasema imekuwa upuuzi, au inaingia katuni ya Terry Gilliam, lile guu kubwa linashuka kutoka juu linakandamiza kila kitu (guu lenyewe kalitoa kwenye mchoro wa Bronzino wa karne ya 16, jamaa alikuwa anakatakata michoro ya makumbusho anaichezesha). Hicho kitu kimefanya skechi zao zisichakae, maana kinachochakaa haraka kwenye skechi ya zamani mara nyingi ni ule mwisho wake, unauona unakuja tangu mbali.

Halafu kasuku aliyekufa, Desemba 1969. John Cleese, mmoja wa Python, anarudi dukani na kasuku aliyeuziwa, kasuku kafa, alikuwa kapigiliwa misumari kwenye kijiti asidondoke, na Michael Palin muuzaji anasema hajafa huyo, amepumzika tu. Cleese anamgongesha kasuku kwenye kaunta, anamrusha juu anadondoka puu, na muuzaji bado anakushikilia palepale. Mtu yeyote aliyewahi kuuziwa kitu kibovu halafu akaambiwa macho yake ndo mabovu ataicheka hii. Haina umri.

Tatizo la Python nalisema wazi wazi: wanawake wengi mle ni wanaume waliovaa magauni wakipiga kelele kwa sauti nyembamba, na baada ya muda inachosha. Carol Cleveland alikuwepo na alikuwa mzuri, sema mara nyingi kazi yake ilikuwa kusimama apendeze. Hapo ndo Burnett anawapiga, kwa sababu kile kipindi ni cha mwanamke, na yeye ndo aliyekubali kuonekana kituko kuliko wote.

dogo_wa_klipu

Shikamooni wakubwa. Mimi ndo hao wadogo mnaowaongelea kwaiyo naomba niseme ukweli wangu bila kumkosea mtu.

Nilishaangalia vyote vinne, sio vipindi vyote ila vya kutosha. Burnett nilicheka. Kuna ile ya 1976 wanaigiza kwa dhihaka ile filamu ya 1939 ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, dada hana nguo ya kumpokelea mgeni anang'oa pazia la dirishani, anashuka ngazi amelivaa na fimbo ya pazia bado iko humo humo, imekaa mabegani imetokeza kushoto na kulia. Ile filamu mimi sijaiona mpaka leo. Nilicheka mpaka nikasimamisha video. Baadaye ndo nikajua gauni lenyewe alilibuni Bob Mackie.

Python nusu kwa nusu. Ile ya wizara ya kutembea kijinga nzuri sana, yule mrefu anarusha miguu kwa heshima zote na suti yake na mkoba. Lakini nikaangalia kipindi kizima na kuna dakika nyingi nilikuwa nasubiri tu.

SNL ndo nilishindwa. Watu wanamsifia Chevy Chase akimuigiza rais Ford. Nikaangalia. Nikaona mtu anadondoka. Anainuka, anadondoka tena, watu studio wanakufa kwa kicheko. Nikajiuliza kuna kitu gani sikioni? Hata sura hafanani naye, hakuvaa wigi wala hakubadilisha sauti.

Benny Hill sikumaliza. Sio kwamba nimekasirika, niliona aibu tu, kila baada ya dakika mbili kamera inashuka kwa msichana ambaye hata jina kwenye skechi hana.

mtoto_wa_Eastlands

@dogo_wa_klipu hujakosea kitu, hapo kwa Ford wacha nikuonyeshe venye ilikuwa. Juni 1975 Ford aliteleza kwa ngazi za ndege akishuka Salzburg, Austria, kamera zote zikiwa hapo. Hio picha ilizunguka dunia. Sasa SNL inaanza Oktoba mwaka huo huo, na kila mtu Marekani bado ako na ile picha kichwani. Chase hakuhitaji wigi, alihitaji tu kuanguka, hadhira inamalizia yenyewe. Na Ford mwenyewe alikuwa amecheza futiboli ya Kimarekani chuo na alikuwa mtu wa mazoezi sana, lakini baada ya Chase ni kama hio yote ilifutika. Mpaka Aprili 1976 Ford akakubali kutokea kwa show yenyewe kwa video iliyorekodiwa, msemaji wake wa Ikulu ndiye alikuwa host.

Kwa hivyo nguvu ya hio skechi ilikuwa ndani ya watazamaji, sio ndani ya skechi. Watazamaji wakienda inaenda nao.

Na sisi hii kitu tunaijua vizuri. Wakenya wa umri wangu wakikumbuka Redykyulass, wale vijana watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nyambane, KJ na Tony Njuguna, kitu ya kwanza watakwambia ni Nyambane akiwa Moi. Moi bado akiwa Ikulu! Mwonyeshe kijana wa leo hio klipu, ataona mtu ana rungu mkononi na sauti nzito ya kukwaruza, basi. Atacheka kidogo kwa heshima. Hataskia ile kitu tuliskia, kwa sababu nusu ya kicheko chetu ilikuwa mshtuko, unacheka huku unaangalia mlango. Watu walikuwa wamezoea jina la huyo mzee kutajwa kwa taarifa ya habari kwanza kabisa, kila siku, kwa adabu, halafu ghafla ako kwa TV anachekwa. Huwezi rekodi hio hofu kwa kanda. Skechi inabaki, hofu imeenda, na bila hofu hujui kwa nini watu walikuwa wanalia machozi.

Kwangu hio haimaanishi ilikuwa skechi mbaya. Nasema hata ilifanya kazi kubwa kuliko ya kasuku. Lakini kama swali ni ipi ya kuwekea watoto leo, skechi za kuiga viongozi ziweke mwisho.

Kibaraza_cha_TV

@mtoto_wa_Eastlands hapa umenifungua kitu. Hata Ze Comedy ya EATV, kabla kina Joti na Masanja hawajahamia TBC1 na Orijino Komedi, vipande ninavyovikumbuka kwa nguvu ni vya kumuiga mtu fulani aliyekuwa kwenye habari wiki ile, na nikivirudia leo kinachonichekesha sio yule aliyeigwa tena, ni Joti mwenyewe anavyokaa na kutembea, yaani mwili wake. Yule wa kwenye habari nimeshamsahau.

Bi_Mkanda

Salaam kwenu. Niongezee kitu ambacho hakijasemwa na kinaharibu ulinganisho wote huu: mnalinganisha mabaki.

Miaka ya sitini na sabini kanda za video zilikuwa ghali, na mashirika ya TV yalikuwa yanafuta kipindi na kurekodia kingine juu yake. BBC walifuta sehemu kubwa ya kipindi cha Peter Cook na Dudley Moore, watu ambao kina Python wenyewe waliwaangalia kama walimu. At Last the 1948 Show ya 1967, kipindi ambacho Cleese na Chapman walikuwemo kabla ya Python, nacho sehemu kubwa ilifutwa, vipande vikaja kuokotwa baadaye huku na kule. Kwa hiyo tunaposema enzi zile walikuwa wanachekesha, ni enzi zile zipi? Ni zile zilizookoka. Halafu katika zilizookoka, mtu mwingine akachagua nzuri akazipandisha YouTube, na katika hizo wewe ukazipenda chache. SNL ni dakika 90 kila Jumamosi, jaribu kukaa na kipindi kimoja cha 1976 chote, utakutana na vipande vilivyolala usingizi hata siku ile ile vilivyorushwa, hadhira yenyewe studio unaisikia imenyamaza.

Ndo maana sipendi ile kauli ya siku hizi hakuna vichekesho. Cha leo unakipata chote, kizuri na kibovu, cha zamani umechujiwa na watu watatu kabla hakijakufikia.

Na kwa bahati ile 1948 Show ndo yenye skechi bora kuhusu hili hili tunalolizungumza. Wanaume wanne matajiri, wamevaa vizuri, wanakunywa mvinyo wa bei, wanakumbushana utoto wao wa shida. Mmoja anasema tulikuwa maskini, mwingine anasema nyie mlikuwa na bahati, sisi tuliishi chumba kimoja watu kibao, mwingine anasema chumba? nyie mlikuwa na chumba! Wanashindana hivyo hivyo mpaka mmoja anafika kudai aliamka kabla hajalala na baba yake alikuwa anamuua kila usiku, na wanahitimisha kwamba ukiwaambia vijana wa leo hawakuamini. Wengi wanadhani ni ya Python kwa sababu Python waliicheza sana jukwaani baadaye, lakini waliiandika Tim Brooke-Taylor, Cleese, Chapman na Marty Feldman. Ile haiwezi kuzeeka maana kila kizazi kinazalisha wale wazee wanne upya, na kama mnataka kujua kama wadogo zenu wana sikio la skechi, jaribuni na hiyo. Isikilizwe vizuri tu, ni ya maneno, watu wamekaa kwenye viti mwanzo mwisho.

Kocha_wa_Jumamosi

Mimi nitamtetea Benny Hill maana naona anazikwa bila hata kusomewa wasifu. Wakuu yule mzee alikuwa fundi. Alikuwa anaandika mwenyewe, anatunga nyimbo mwenyewe, anaigiza wahusika kibao kwenye kipindi kimoja, na alijua kuchekesha bila maneno wakati wenzake wengi Waingereza wanategemea mdomo. Ndo maana kiliuzika nchi nyingi sana, mtu asiyejua Kiingereza hata neno anacheka. Enzi zile watu hawakuwa wanakereka kereka, familia nzima inakaa inaangalia na hakuna shida. Thames wakaja kumwacha 1989 na 1992 akafariki. Kwangu mimi tunawahukumu watu wa juzi kwa sheria za leo.

mzee_wa_antena

Kwenye ufundi nakuunga mkono kabisa, skechi zake za kimya na zile za kuiga vipindi vya TV vya wakati ule ziangaliwe tena kwa makini, kuna akili nyingi pale za kupanga picha.

Ila hiyo ya enzi zile hakuna aliyekereka siikubali kaka, na mfano ninao. BBC walikuwa na kipindi cha Black and White Minstrel Show, wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni wakiimba na kucheza. Kilianza 1958 kikaenda mpaka 1978. Miaka ishirini! Watu wakisikia leo wanasema ah zama zile watu walikuwa hawajui. Walijua. Mwaka 1967 kundi la Campaign Against Racial Discrimination lilipeleka ombi rasmi BBC kukitaka kiondolewe. Watu weusi wa Uingereza walisema kwa sauti kwamba hiki kinatuumiza, na BBC wakaendelea nacho miaka mingine kumi na moja. Kwa hiyo ile picha ya familia nzima inacheka pamoja na hakuna shida, jiulize ni familia ya nani. Waliokereka walikuwepo zama zile zile, hawakusikilizwa tu.

Na Benny Hill hivyo hivyo, lawama za wale wasichana wa kukimbizana hazikuanza baada ya yeye kufa, zilisemwa akiwa hewani.

mtoto_wa_Eastlands

Nakazia hapo. Na sio ati ukigusa rangi au kabila skechi inazeeka vibaya automatiki. Inategemea nani anabeba aibu mwisho wa skechi.

SNL Desemba 1975, Richard Pryor, mchekeshaji mweusi, ameenda kuomba kazi ya usafi, Chase ndiye anamfanyia interview. Mtihani wa mwisho ni neno kwa neno, mimi nasema hili wewe jibu la kwanza linalokuja. Inaanza poa, mbwa, mti, mambo hayo. Halafu Chase kwa sauti ile ile ya ofisini anaanza kutupa matusi ya kibaguzi, moja baada ya lingine, kila moja zito kuliko lile limepita. Pryor naye anajibu lakini angalia uso wake, unaanza kucheza, pua na shavu zinashtukashtuka, mpaka kwa jibu la mwisho mwenye interview anaingiwa na baridi na anampa kazi na mshahara mnono. Hio leo hakuna TV ingeiandika, lakini ukiiangalia inakukata kama jana, kwa sababu yule anayefichuliwa ni mwenye ofisi.

Ya pili ni Eddie Murphy 1984, anajipaka awe mzungu aone wanaishi aje wakiwa peke yao. Anaingia dukani kununua gazeti, muuzaji anamwambia chukua tu, hakuna mtu mwingine hapa. Kwa basi, mweusi wa mwisho akishuka tu muziki unaanza na vinywaji vinapitishwa. Benki inampa mkopo bila dhamana. Ni uongo wa kuchekesha na kila mtu anajua unazungumzia ukweli gani.

Na hata hivyo kicheko ni kitu hatari. Dave Chappelle, mchekeshaji mweusi wa Marekani, aliacha show yake 2005 katikati ya kutengeneza msimu wa tatu, pesa nyingi mezani, na baadaye akaeleza kwamba alipokuwa akirekodi skechi moja ya mambo ya rangi, mtu mmoja pale studio alicheka kwa njia ilimfanya ajiulize anacheka *nini*. Mimi huwa nafikiria sana kuhusu hilo. Skechi ilikuwa haijafika hata hewani na tayari kwa mtu mmoja ilikuwa imegeuka kitu kingine. Kwa hivyo sio miaka peke yake hugeuza kicheko, hata kiti umekalia.

Nyumbani hii ya lafudhi tuko nayo. Mzee Ojwang wa Vitimbi, Benson Wanjau, tulimpenda sana na alipoaga 2015 nchi nzima ilihuzunika. Alikuwa anaigiza lafudhi ya Kijaluo na yeye hakuwa Mjaluo. Mimi bado namcheka na nitamcheka, kwa sababu Ojwang alikuwa mtu kamili, mjanja, mwenye mke anayemjibu, kila mtu alikuwa na mzee kama huyo. Lakini wale walikuja baadaye wakachukua lafudhi peke yake wakaacha mtu, hizo hazifiki mbali. Na baada ya vurugu za 2007 na 2008 kuna lafudhi mimi binafsi siwezi kaa kwa sebule nikichekea.

dogo_wa_klipu

Hii ya nani anabeba aibu naielewa. Nimeenda kuangalia ya Pryor sasa hivi. Sijacheka mwanzo, nilikunja tu mikono, halafu pale uso ulipoanza kucheza nikacheka kwa nguvu na nikaogopa kidogo.

Naomba niulize kitu kingine, kasi. Mbona zote zinachukua muda kuanza?

Bi_Mkanda

Kwa sababu walikuwa hawana haraka na wewe, mdogo wangu. Ulikuwa huwezi kuhama kirahisi, chaneli zenyewe chache, kwa hiyo mwandishi ana dakika mbili za kukujengea chumba, watu na tatizo kabla hajakuchekesha. Halafu kamera za studio kubwa, nzito, hawakati picha kila sekunde, mwigizaji ndo anatakiwa abebe. Ukimpa Conway mhariri wa video wa leo atamkata kote kule kwenye ukimya, na ukimya ndo skechi yenyewe. Kwa hiyo ushauri kwa mwenye uzi: usiwawekee klipu iliyofupishwa ukidhani unawasaidia. Weka nzima, zima simu zao.

Na kama unatafuta ushahidi kwamba kitu cha taratibu kinadumu, mbona hamjaitaja Dinner for One? Ni dakika 18 tu, ilirekodiwa 1963 na televisheni ya NDR kule Ujerumani, waigizaji Waingereza, Freddie Frinton na May Warden. Bibi anatimiza miaka 90, amewaandalia marafiki zake wanne chakula, na marafiki wote walishakufa. Viti viko vitupu. Mtumishi wake James anazunguka meza anamimina kinywaji kwa kila kiti na anakinywa yeye kwa niaba ya marehemu, akibadilisha sauti kwa kila mmoja. Mizunguko minne ya vinywaji, watu wanne. Sakafuni kuna ngozi ya chui milia yenye kichwa, na James anajikwaa kwenye kile kichwa karibu kila akipita. Karibu kila. Mara moja anapita salama, anasimama, anageuka kukiangalia, amepigwa na butwaa. Halafu kuna mara moja amelewa kabisa na anakiruka. Wajerumani wanaionyesha kila mkesha wa mwaka mpya, kwa Kiingereza chake kile kile, bila kubadilisha chochote, na Waingereza wengi hata hawakuwa wanaijua. Frinton alifariki 1968, kabla haijawa desturi ya taifa zima, hakuliona hilo.

Kinachoniuma na kunichekesha kwa pamoja ni kwamba James hamcheki bibi. Anajua wamekufa, bibi naye nadhani anajua, na anakunywa kwa heshima mpaka miguu inamkatika. Ukikielewa hicho, kujikwaa kwake kunachekesha zaidi.

Kocha_wa_Jumamosi

Haya hapo mmenishinda, ile nimeiangalia usiku huu na mama watoto na amecheka kuliko mimi. Benny Hill simuachi ila nakubali sio wa kuanza naye kwa watoto. Wawekewe wakiwa wakubwa, na waambiwe nini kilikuwa kinalalamikiwa, waamue.

Kibaraza_cha_TV

Asanteni sana wote, uzi umeniondolea mashaka mengi na umenipangia upya. SNL ya Ford naiondoa kabisa kwenye orodha, naweka ya Pryor na ya Murphy lakini kwa yule mkubwa tu, tukae tuzungumze. Siku ya kwanza itakuwa Dinner for One na daktari wa meno, siku ya pili kasuku na wale wazee wanne wa shida. Nimebakiza nafasi moja, nataka kitu cha zamani kuliko vyote hivi, cha miaka ya hamsini kama kipo kinachoangalika.

mzee_wa_antena

Kipo. Your Show of Shows ya NBC, 1950 mpaka 1954, Sid Caesar na Imogene Coca, dakika 90 laivu kila Jumamosi, na kwenye chumba cha waandishi walikuwemo kina Mel Brooks. Tafuta This Is Your Story ya Aprili 1954. Wanakiiga kipindi ambacho mtu anashtukizwa mbele ya kamera na kusimuliwa maisha yake, ndugu waliopotea wanaingia mmoja mmoja kumkumbatia. Caesar yuko kwenye hadhira, hataki, wanambeba juu juu kumpeleka jukwaani. Halafu anaingia Howard Morris, kadogo, ndo mjomba Goopy, anamrukia Caesar analia kwa furaha na hamuachii. Wanamtoa, anarudi. Wanamtoa tena, anarudi anang'ang'ania mguu, na Caesar anatembea jukwaa zima akiburuta mjomba mguuni. Kile kipindi wanachokiiga wadogo zako hawatakuwa wanakijua na hawatakihitaji, ndugu wa kukung'ang'ania hadharani wanao wenyewe.

Picha ni nyeusi na nyeupe na sauti ni mbovu kidogo mwanzoni. Usiwaambie ni ya mwaka gani mpaka iishe.